Siku Tulipovaa Milia

Mume wangu alipostaafu, ndugu zake wa kijijini Muyama walitegemea atanunua ng'ombe. Mimi nilitegemea atalala. Alikuwa amefanya kazi ya misitu na wanyamapori tangu ujana, akihamishwa huku na kule, na magoti yake yalikuwa yamechoka kuliko yeye mwenyewe alivyokubali. Badala ya kulala akazungushia uzio shamba letu lililo nje kidogo ya Kasulu, upande wa kwenda Kibondo, akahangaikia vibali mpaka nikazoea kula peke yangu, na asubuhi moja akarudi na kobe watatu ndani ya kreti la soda. Akaniambia bustani ya wanyama imeanza.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nililetwa Kibondo na barua ya ajira nikiwa mkunga kijana, nikidhani nitakaa mwaka nirudi kwetu. Kiha nilijifunzia leba, kwa sababu mwanamke akishikwa na uchungu hatafuti Kiswahili. Nikaolewa na Muha, nikazaa huku, nikazeeka huku. Siku niliyotoka wodini kwa mara ya mwisho nilijiapiza kwamba sitapokea tena kiumbe chochote, kiwe cha nani. Mume wangu alikuwepo nilipoapa. Aliitikia amina.

Baada ya kobe akaja mbuni dume, aliyetoka kwenye shamba moja lililofungwa. Mbuni yule alilipenda toroli letu jekundu. Kila lilipopita na majani alipiga magoti, akatandaza mbawa, akayumba kushoto na kulia kama bwana harusi, na asipojibiwa alikasirika siku nzima. Wakaja swala pala, wakaja nungunungu wawili. Nungunungu ndio waliotupatia mtoto wa kwanza wa bustani, na mume wangu kwa furaha akaandika kibao kikubwa cha barabarani kuwaalika watu waje wamwone.

Watu walikuja. Ilikuwa siku ya soko, wakashuka kwenye pikipiki na baiskeli, wengine na kuku wao mkononi. Lakini nungunungu mchana hulala shimoni, na mtoto wake vilevile. Wakasimama mbele ya shimo. Mzee mmoja wa Kibondo alilitazama kwa muda mrefu, kofia mkononi, kisha akamgeukia mume wangu akamwambia kwa adabu zote, "Shimo lenu ni zuri."

Ndivyo tulivyokuwa: bustani yenye shimo zuri na mbuni aliyechumbia toroli. Kwa hiyo shamba moja la wanyama la mkoa wa mbali lilipokubali kutupatia pundamilia wawili, wote majike, mume wangu hakulala wala hakuniacha nilale. Alijenga zizi jipya, pana, lenye kivuli upande mmoja na uwanja wa kukimbilia upande mwingine. Alipima nguzo, akazing'oa, akazipima tena. Nilimkuta siku moja ametembea zizini kwa miguu na mikono ili aone kama mahali pa maji pamekaa sawa kwa macho ya pundamilia.

Lori lilipitia Nyakanazi na tulilipokea Kibondo. Daktari wa mifugo, binti mmoja mzaliwa wa Kilimanjaro aliyepangiwa kazi huku, alitaka wanyama wapumzike pale wanyweshwe maji kabla ya kumaliza safari. Dereva alitafuta mahali patulivu akakosea, akaegesha nyuma ya soko. Kabla hatujafungua dumu la kwanza, soko lilikuwa limehamia kwetu. Wauza dagaa waliacha dagaa. Kinyozi mmoja alikuja na mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu, shuka bado shingoni.

Wengi wao walikuwa wamewaona pundamilia kwenye vitabu vya shule tu, na palitokea ubishi mkubwa kama hawa ni wa kweli au ni punda waliochorwa. Mfanyabiashara mmoja wa duka la rangi aliulizwa kama siku za karibuni ameuza nyeusi nyingi. Mama mmoja muuza ndizi ndiye aliyekata shauri: alilowesha kidole kwa mate, akakipenyeza kati ya mbao za lori, akasugua ubavu wa mnyama, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Akakiinua juu watu wote wakione, na umati ukashangilia kana kwamba ni yeye aliyewaumba.

Tulitoka Kibondo na msafara wa pikipiki nyuma yetu. Njia nzima watoto walikuwa wakitimua mbio pembezoni mwa barabara, wakituonyesha, na mume wangu, ambaye maisha yake yote hupunga mkono kama mtu anayefukuza nzi, alikuwa amekaa mbele akipunga kama mheshimiwa.

Walipoteremshwa ndipo nilipowaona vizuri. Mmoja alikuwa mwembamba, mrefu wa shingo, mwenye macho ya wasiwasi. Mwingine alikuwa na tumbo. Si tumbo la kawaida. Lilikuwa limejaa pande zote mbili, likiyumba anapotembea, na milia yake ilikuwa imetanuka pale katikati kama maandishi kwenye puto. Nilimzunguka mara moja, nikasimama nyuma yake, nikasimama mbele yake. Watu wote walikuwa wakinitazama mimi.

"Huyu ana mimba," nikasema. "Tena si changa."

Daktari alisema hawezi kuthibitisha bila kumlaza mnyama kwa dawa, na hataki kumlaza mnyama aliyetoka safari ndefu, kwa hiyo tusubiri. Alisema kwa upole. Lakini nani asubiri daktari wakati mkunga wa Kibondo ameshasema? Nusu ya vijana waliokuwa wamesimama pale nilikuwa nimewapokea kwa mikono hii. Kufika jioni habari ilikuwa imefika Kasulu mjini, na kesho yake ndugu wa Muyama wakaleta mkungu wa ndizi kwa ajili ya mjamzito.

Kiapo changu nikakisahau. Nilimtengea yule mnene zizi dogo pembeni, nikamtandikia nyasi laini. Mama aliyekuwa akilisha wanyama wetu, mkulima wa maharage kutoka upande wa Mtabila, alinisaidia kwa moyo wote; kila asubuhi tulikutana kwenye ubaridi ule wa kwetu, mashuka mabegani, tukamsalimia mgonjwa wetu kwa Kiha, mwakeye, tukimuuliza usiku umekuwaje. Tulimkatia maboga. Tulimpa karoti na pumba. Kila wiki tumbo lilizidi, na kila lilipozidi nilizidi kujiamini. Yule mwembamba alikula majani ya kawaida kule kwenye zizi kubwa, akitutazama kwa mbali.

Wageni wakaanza kuja. Hawakuja tena kuona shimo. Walikuja wanawake wajawazito wenyewe, wakasimama uzioni wakimlinganisha na wao, wakicheka mpaka wakashika viuno. Alikuja bibi mmoja na kibuyu cha uji, akasikitika alipoambiwa pundamilia hanywi. Wanafunzi waliletwa darasa baada ya darasa, na wote walitaka kujua jambo moja, kama mtoto atatoka na milia au atachorwa baadaye.

Mume wangu akaamua kwamba zizi jipya litazinduliwa rasmi. Patakuwa na mgeni rasmi kutoka wilayani, kwaya ya parokia, ngoma, spika. Kikundi chetu cha akina mama nacho kikataka nafasi. Mwenyekiti wetu ana duka la vitenge Kasulu mjini. Mama yake ni mtu wa Pangani, na kwa hiyo mimi na yeye huitana ndugu. Alikuja kwangu na jora la kitambaa begani, akalikunjua juu ya meza. Milia myeusi na myeupe.

"Dada," akasema, "sherehe ni ya pundamilia. Sisi tutavaa nini, maua?"

Tukashona sare. Kwa kuwa mafundi walikuwa tofauti, milia ya wengine ilikwenda juu na chini, ya wengine kushoto na kulia, na fundi mmoja wa sokoni aliyependa fasheni akaikata kimshazari, ikawa kumtazama mvaaji anapotembea kunaleta kizunguzungu. Mwenyekiti alikasirika. Mume wangu akamtuliza akimwambia kwamba hata pundamilia hakuna wawili wanaofanana. Alijipatia shemeji wa kudumu siku ile.

Siku ya uzinduzi anga lilikuwa limeoshwa na mvua ya jana, udongo mwekundu umeshikana vizuri, migomba inameta. Tulifika sote kwenye sare, na vilemba vya kitambaa kilekile. Kwaya ilikuwa upande wa pili wa uwanja, majoho ya zambarau. Mshereheshaji, mwalimu wa sekondari kutoka Mbeya, alikuwa anajaribu kipaza sauti bila kuchoka. Mbuni, kwa kuwa toroli lilikuwa limefungiwa, alikuwa amepiga magoti mbele ya spika. Mimi nilikuwa kwenye zizi dogo na mnene wangu, nikimfuta kwato, maana nilitaka mgeni rasmi amkute nadhifu.

Basi mama yule wa Mtabila akaja kwangu taratibu, ndoo mkononi. Akaniambia kwa Kiha kwamba yule mwembamba amelala chini.

Nikamwambia mwache alale, amechoka na kelele.

Akaitikia, "Ego, mama. Lakini ana miguu sita."

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nilipokuwa wodini. Kule kwenye kona ya mbali ya zizi kubwa, chini ya mkaratusi, mwembamba alikuwa amejilaza ubavu, shingo imenyooka, na nyuma yake, ndani ya utando mweupe unaong'aa, ilikuwa imetokeza miguu miwili midogo ya mbele, mmoja umetangulia kidogo, kama inavyotakiwa. Tumbo lake, lile ambalo sikuwahi kulitazama mara mbili, likakaza. Mwili wangu wote ukajua la kufanya. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa zizi, mikono ya gauni nimeikunja mpaka juu, nikiita maji ya moto, niliposhikwa mkono.

Alikuwa daktari. Alikuja kama mgeni mwalikwa, na viatu vyake vya sherehe vilikuwa vimezama matopeni.

"Mama, toka humo ndani," akaniambia kwa sauti ya chini. "Toka haraka."

Nikamwambia mwanangu, mimi ni mkunga.

"Najua. Lakini tazama ulivyovaa."

Nikajitazama. Akanieleza kwa haraka, huku akinivuta nyuma. Mtoto wa pundamilia akizaliwa, mama yake humzungukia na kumkinga na wengine, ili milia ya kwanza anayoiona na harufu ya kwanza anayoinusa iwe ya mama yake tu. Ndivyo anavyojifunza wa kumfuata. Akiona milia mingine mapema mno anaweza kuchanganyikiwa. Nilimuuliza kama amewahi kusikia mtoto wa pundamilia akimfuata mwanamke wa kikundi. Akasema hajawahi, ila pia hajawahi kusikia akina mama wote wa Kasulu wamevaa hivi karibu na mzazi, na hataki iwe leo.

Nikageuka. Nyuma yetu habari ilikuwa imeshasambaa, na akina mama wenzangu walikuwa wanakuja mbio kuelekea uzio, vigelegele vimejaa midomoni, milia ya juu na chini, milia ya kushoto na kulia, na yule wa mshazari mbele yao wote.

Nilinyoosha mikono yote miwili. Sikuweza kupiga kelele, kwa hiyo nilifanya kile nilichokuwa nikiwafanyia ndugu wa wagonjwa mlangoni mwa leba: niliwakazia macho. Wakasimama. Nikawaambia kwa kunong'ona kwamba mtoto anakuja, na akituona atadhani sisi ni mama zake, kwa hiyo tukajifiche. Wakatazama magauni yao. Kisha mwenyekiti akafunika kinywa kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kile cha kimyakimya kikapita kwa wote kama ugonjwa. Tulikimbilia stoo ya majani tukiwa tumeinama, tukiwa tumeshikana, wengine machozi yanatoka, viatu mkononi.

Stoo ilikuwa ndogo. Tulikaa juu ya marobota ya nyasi tukibanana, na kila mmoja akitaka kuchungulia kwenye nafasi za mbao. Mimi kwa sababu ya kazi yangu nilipewa nafasi iliyo pana kuliko zote.

Nimezalisha maisha yangu yote. Nimezalisha kwa taa ya chemli, nimezalisha ndani ya gari la wagonjwa lililonasa kwenye matope, nimezalisha nikiwa na mimba yangu mwenyewe. Lakini nilipokuwa pale nyuma ya mbao niligundua kwamba sikuwahi kusimama tu nikatazama. Siku zote palikuwa na kitu cha kushika, kitu cha kuhofia, mtu wa kumwambia sukuma au usisukume. Sasa sikuwa na kazi. Mikono yangu ilikuwa mapajani, imejaa vumbi la majani makavu. Nikamwona mwembamba anakaza mara moja, mara nyingine, akipumzika katikati kwa akili, bila kufundishwa na mtu. Kikatoka kichwa. Yakatoka mabega. Halafu mwili mzima ukateleza chini kwa wakati mmoja, na utando ukapasuka, na masikio mawili marefu yaliyolowa yakasimama.

Nilisikia mtu ananishika bega kwa nguvu. Alikuwa mwenyekiti. Hakucheka tena. Hakuna aliyecheka.

Alikuwa na milia, kwa faida ya wanafunzi wote waliouliza. Si myeusi bado, ya kahawia, na manyoya yake yalikuwa yamesimama kama zulia jipya. Mama yake aliinuka, akageuka, akamlamba. Mtoto akajaribu kusimama. Miguu minne ilikwenda pande nne. Akaanguka na pua. Akajaribu tena, akanyanyua sehemu ya nyuma akasahau ya mbele. Kule stoo tulikuwa tunamsukuma kwa pumzi zetu. Kila alipoinuka tuliinuka naye, kila alipoanguka robota zima lilishuka. Mara ya mwisho alisimama, akayumba, akaganda pale miguu imetanuka, akishangaa urefu wake mwenyewe. Halafu akapiga hatua, na mama yake akajiweka mbele yake ubavu kwa ubavu, mlia kwa mlia, ili asione kingine chochote duniani.

Mume wangu nilimwona kwa mbali, upande wa pili wa uzio. Alikuwa amekaa chini juu ya ndoo iliyogeuzwa, kofia yake ya sherehe magotini, analia na kucheka kwa pamoja, na mama wa Mtabila alikuwa akimpigapiga mgongoni kama mtu aliyepaliwa na maji.

Daktari akaja stoo. Mgeni rasmi alikuwa anakata kona ya barabara na sisi hatungeweza kutoka vile tulivyovaa. Mwenyekiti alipendekeza tugeuze magauni ndani nje, tukakuta kitambaa kimechapwa pande zote. Magunia hayakutosha. Ndipo mwalimu wa kwaya, aliposikia mkasa wetu, akarudi kwa watu wake, na baada ya muda mlango wa stoo ukafunguliwa na yakaingia majoho, yamekumbatiwa kwa mikono miwili, ya zambarau, yenye msalaba mweupe kifuani.

Mwenyekiti wetu ni mtoto wa shehe. Na mimi ni mtoto wa Tanga, binti wa madrasa. Tulitazamana juu ya yale majoho.

"Milia au msalaba?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo. "Mtoto ametangulia," akasema, akaingiza kichwa.

Ndiyo maana mgeni rasmi aliposhuka garini alitukuta sisi tumepanga mstari kwa majoho ya kwaya, vilemba tumevificha, na kwaya yenyewe imesimama kwa mashati ya nyumbani. Spika zilikuwa zimezimwa. Mshereheshaji alimnong'oneza sababu. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye sauti ya mikutano ya hadhara, alimtazama mtoto yule kule chini ya mkaratusi, akavua kofia, akanyata. Kumbukumbu yangu ya mtu yule mpaka leo ni mheshimiwa anayenyata kwa vidole juu ya udongo mwekundu, na walinzi wake nyuma wakinyata vilevile.

Akatugeukia sisi. Akanong'ona kwamba anaomba kwaya imkaribishe mtoto kwa wimbo mmoja, wa polepole.

Kwaya ya kweli ikatutazama. Hakuna aliyethubutu kumweleza. Nilihisi mwenyekiti anaanza kutikisika tena pembeni yangu, na nilijua akianza tumekwisha. Aliyetuokoa alikuwa mama wa Mtabila. Yeye hakuwa na joho wala sare, alikuwa na khanga yake na ndoo. Alisogea mbele akaanza kuimba, chini kabisa, wimbo wa kumbembeleza mtoto kama wanavyoimba huku watoto wakiwa migongoni. Wote tuliolea watoto Buha, nchi ya Waha, tuliujua. Tukaingia mmoja mmoja. Kwaya ikaingia upande wa pili kwa sauti nne, kwa kunong'ona, na mgeni rasmi mwenyewe, ambaye hakuwa Muha, akawa anatikisa kichwa kwa mahadhi.

Hotuba yake aliisoma yote kwa kunong'ona. Ilihusu maendeleo, na sijawahi kusikia hotuba ya maendeleo iliyosikilizwa kwa makini vile. Watu mia walikuwa wamesogea, masikio mbele, wakiogopa kukosa neno. Alipomaliza tulipiga makofi kwa ncha za vidole. Utepe ulikatwa bila vigelegele. Mbuni peke yake ndiye aliyekosa adabu, akakoroma kutoka kifuani kama tarumbeta, na daktari akaenda kumsimamia mwenyewe.

Tulikula pilau na maharage nyuma ya nyumba, mbali na zizi, na hapo ndipo vicheko vyote tulivyovizuia vilipotoka. Mwalimu wa kwaya aliwaambia wenzake kwamba tangu parokia ianzishwe hawajawahi kuwa na waimbaji wa sauti ya kwanza wazuri kama Waislamu wa Kasulu. Mwenyekiti alikataa kulivua joho mpaka apigwe picha. Akamtumia picha mama yake mdogo wa Pangani, kisha akazima simu.

Nami sikunusurika. Walianza ndugu wa Muyama, wakaendelea akina mama, na hatimaye mgeni rasmi kwa sauti yake ya kawaida akaniuliza, mbele ya watu wote, kama hospitalini pia nilikuwa nikiwalaza wanene na kuwarudisha wembamba nyumbani. Nilicheka mpaka sahani ikaniponyoka. Daktari alimpima mnene wangu wiki ile. Hakuwa na kitu tumboni ila maboga. Aliandikiwa nyasi kavu na mazoezi, akanikasirikia mimi, akawa akiniona ananigeuzia makalio.

Jina la mtoto lilitushinda. Alikuwa dume. Shule tatu zilileta majina, ukoo wa Muyama ukaleta la babu yao, kwaya ikaleta la mtakatifu, mwenyekiti akaleta la Pangani, na mume wangu kwa kuogopa kumuudhi yeyote akasema tutaamua kesho. Anamwita Mtoto, na sasa Mtoto ana kifua cha dume na anamfukuza mbuni kutoka kwenye toroli.

Lakini kabla hajakua hivyo, daktari alipotoa ruhusa mtoto achanganywe na yule mnene, tulisubiri asubuhi kabla ya wageni. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba mpaka ng'ambo ya barabara. Mama yake alitangulia, yeye nyuma, na mnene akasogea kutoka upande wa pili, wakanusana pua. Halafu mtoto, bila sababu yoyote tuliyoiona, aliruka juu miguu yote minne kwa pamoja, akatua, akaanza kukimbia. Alizunguka zizi zima mkia juu. Akazunguka tena. Mama yake akamfuata, na mnene naye, na maboga yake yote, akaanza kukimbia nyuma yao, tumbo likimyumba, udongo ukiruka.

Mume wangu aliweka kikombe chake cha chai juu ya nguzo. Akaniambia nitazame vizuri namna mtoto anavyokata kona, mguu wa kushoto kwanza. Nilitazama. Kikombe kikapoa, na hakuna kati yetu aliyekwenda kufungua geti, ingawa kule barabarani basi la Kibondo lilikuwa limeshasimama na watu walikuwa wanaanza kushuka.